Maji Ambayo Issa Hakuyamwaga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka koo hunikauka hata kama nimetoka kunywa maji sasa hivi. Watu hunikuta nimekaa kimya barazani wakadhani nasinzia. Sisinzii. Kulala mchana mbele ya wageni haijawahi kuwa tabia yangu, na sitaianza uzeeni. Huwa nimerudi Newala ya zamani, kwenye uwanja wa nyumba ya mama yangu, siku niliyompoteza ndugu yangu Issa. Leo nitakusimulia. Nitakwenda polepole, nawe usinisukume.

Issa ndiye aliyenifuata ziwa. Mama alikuwa shambani, baba alikuwa hayuko siku nyingi, kwa hiyo nilimbeba mimi, nikamlisha mimi, na alipojikwaa alilia jina langu kabla ya kulia jina la mama. Alikua akawa mtu wa maneno machache. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha kubangua korosho, jioni akapiga gitaa katika bendi ya kiwanda hichohicho. Nyinyi hamkuyaona hayo. Wakati ule shirika la umma lisilo na bendi lilionekana kama bwana harusi asiye na kanzu. Kila Jumamosi ukumbi ulijaa, na mimi, mke wa mtu na mama wa watoto, nilikuwa nikichungulia dirishani ili nimwone mdogo wangu, kavaa suruali yake ya bugaluu, akiwachezesha wakubwa wa wilaya.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze na anunue atakacho. Sitaki kuisema vibaya, maana mimi mwenyewe niliipokea kwa mikono miwili. Tulikuwa tumechoka kufulia majani ya mpapai. Mara sabuni ikarudi madukani, zikaja nguo za mitumba, zikaja redio, wakaja wanunuzi wa korosho wenye magari yao. Lakini mlango mmoja ulipofunguliwa, mwingine ulifungwa, na uliofungwa ulikuwa wa kiwanda cha kina Issa. Mashine zilinyamaza, halafu bendi ikanyamaza. Wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achukue kitu ghalani badala ya haki yake ya mwisho. Wenzake walichukua meza, viti, mabati. Issa alibeba amplifaya ya bendi, ile mashine ya kukuzia sauti ya gitaa, tena mbovu, iliyokuwa imekaa ghalani chini ya bati linalovuja. Mama alipoiona alimwuliza kama sanduku hilo linapikika. Issa alicheka, lakini hakucheka sana.

Tangu siku hiyo alianza kunyauka. Gitaa alikuwa nalo, lakini gitaa la umeme bila mashine ni kama mtu anayesema kwa kunong'ona. Jioni alikaa nyuma ya nyumba akilipiga hivyohivyo, ukitaka kumsikia mpaka usogee karibu. Mimi nilisogea mara nyingi. Alikuwa anapiga vizuri kuliko alivyopiga ukumbini, na nilimwambia hivyo, naye akanijibu, "Dada, unanisikia wewe na kuku wako."

Basi mwaka uliofuata, kifungua mimba wangu, Shabani, aliingia likumbi, yaani jando letu. Kwetu sisi Wamakonde mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa mtu mwingine. Mjomba ndiye anayesema mtoto aingie lini, mjomba ndiye anayeulizwa akiugua huko porini, na siku ya kutoka, mjomba ndiye anayetakiwa aonekane na asikike. Wenye mali hutoa mbuzi, hutoa baiskeli. Issa hakuwa na mali. Akaniambia, "Shabani atatoka kwa gitaa langu. Na Newala yote itasikia kwamba ana mjomba." Alilisema hilo akiwa ameinua kichwa, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu kiwanda kifungwe. Nikajua haombi sherehe tu. Anaomba arudi kuwa mtu.

Akauza korosho zake za msimu kwa wale wanunuzi wapya, akateremka Mtwara, akarudi na amplifaya kubwa nyeusi ya mitumba, iliyotoka Marekani, nzima, yenye taa zake za kioo ndani. Aliipata kwa bei nafuu kwa sababu hakuna aliyeitaka. Plagi yake ilikuwa na meno mawili bapa, na muuzaji alimwambia wazi kuwa imezoea umeme wa kwao, volti mia na kumi, na akiichomeka kwetu penye zaidi ya mara mbili yake, itamtolea moshi. Ilibidi transfoma yake ibadilishwe, ile sehemu nzito ya chuma inayoupokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Na mtu wa kuibadilisha alikuwa Masasi.

Tulikwenda pamoja, kwa lori la mahindi, mimi nikiwa na shida zangu za kununua nguo ya Shabani ya kutokea. Issa alibeba mashine zote mbili, ile ya Marekani na ile mbovu ya kiwandani. Fundi Stefano alikuwa na kibanda chake karibu na soko, ukitazama nyuma unaiona ile miamba ya Masasi imesimama juu ya mji. Alikuwa mzee wa Kianglikana, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti nene na ulimi mkali.

"Shikamoo, fundi," tukasema.

"Marahaba. Mmeniletea mgonjwa au maiti?"

"Maiti mmoja," Issa akajibu, "na mgeni mmoja asiyejua chakula cha huku."

Fundi akampenda papo hapo, niliona. Alifungua mashine zote mbili, akazilaza kifudifudi. Kwanza aliyagusisha makopo fulani ya ndani na waya ili yatoe umeme, akatuambia kuwa makopo yale hushika umeme hata mashine ikiwa imechomolewa, na kwamba ameshamzika mwenzake mmoja aliyelisahau hilo. Kisha akatafuta kitu cha kutofautishia nyaya. Kapuni mwangu mlikuwa na nyuzi za kushonea za rangi mbalimbali. Akaziomba. Kila waya wa transfoma ya Marekani aliufunga uzi wa rangi yake, na wa ile ya kiwandani unaofanana nao akaufunga uzi wa rangi hiyohiyo, ili akihamisha asipotee. Nilikaa pale nikimkatia nyuzi kwa meno, nikajiona nami nimeshiriki. Mashine ya kiwandani ilikuwa maiti kweli, lakini transfoma yake ilikuwa ya umeme wetu, na fundi alisema inaweza kukaa mahali pa ile nyingine, ingawa matundu ya skrubu hayalingani na itabidi atoboe mapya.

Alipoanza kutoboa nikaenda sokoni. Nilichelewa huko kwa sababu ya shati moja jeupe ambalo mwenye nalo hakutaka kushuka bei, nami sikutaka kushindwa.

Nikiwa bado mbali na kibanda nililisikia gitaa. Mwanangu, nilisimama na shati langu mkononi. Lilikuwa gitaa la Issa, sauti yake ileile ya nyuma ya nyumba, lakini sasa ilikuwa kubwa, imejaa, inatembea barabarani inamsimamisha kila mtu. Mwuza dagaa mmoja alikuwa ameanza kucheza kwa mabega. Nilipofika, Issa alikuwa amefumba macho na shavu limelowa. Sijui kama alijua kuwa analia.

Fundi peke yake hakufurahi. Alimwambia azime mashine, akamshika mkono, akamvuta pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini. Nilidhani ni habari za malipo, na habari za malipo za mwanaume hazisikilizwi na dada yake, kwa hiyo niligeuka nikajifanya nakunja shati. Nilisikia mwisho tu.

"Umenielewa?" fundi akasema.

"Nimekuelewa, mzee wangu."

"Usiseme umenielewa kwa adabu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Tukaondoka. Njiani Issa alikuwa ameipakata ile amplifaya kama mtoto, na lori liliporuka mashimo aliiinamia kuikinga kwa kifua. Hakuniambia fundi alisema nini. Nami sikuuliza.

Sasa nikueleze habari za maji, maana bila hizo hutanielewa. Uwanda wetu wa juu una udongo mwekundu na mchanga, una upepo mzuri, una mikorosho na mihogo, lakini hauna maji. Siku hizi kuna bomba, tena linatoka likipenda. Wakati ule pampu ilikuwa imekufa miezi mingi, na tulikuwa katika kiangazi kikali, wakati ambao wali, vijana waliotiwa jandoni, hutolewa. Visima vya maji ya mvua vilikuwa vimebaki tope. Wanawake tuliteremka bondeni kabla ya alfajiri, tukapanga foleni kwenye chemchemi, kisha tukapanda mlima ule na ndoo vichwani jua likituchoma usoni. Mtoto wa kwetu hufundishwa tangu anatambaa kwamba maji hayamwagwi. Unanawa uso kwa maji, maji hayohayo unaoshea miguu, hayohayo unampa bata. Mtu akimwaga maji chini bila sababu, hata mgeni, watu hunyamaza na kumtazama. Sisi ndivyo tulivyo.

Siku ya sherehe nilikuwa nimeteka maji ya wageni. Issa alinikuta napanda uwanjani na ndoo ya mwisho, akaja mbio akanitua. Aliniangalia shingo, akaona ninavyoigeuza kwa shida. Akasema, "Dada, shingo hii itakatika kwa ajili yetu." Nikamwambia shingo yangu imembeba yeye na haikukatika, aende akafunge nyaya zake. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya mwisho kwake. Yalikuwa ya utani, na nashukuru kwa hilo.

Nyumba ya mama haikuwa na umeme. Tulivuta kutoka kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, kwa kebo ndefu yenye nyaya mbili tu. Amplifaya ya gitaa ikawekwa uwanjani. Maikrofoni tuliyoazima ilikuwa na mashine yake nyingine, na hiyo ilikaa ndani kwa mwalimu kwenye soketi yake nzuri, ukavutwa waya wa maikrofoni peke yake mpaka kwetu. Hamisi, rafiki wa Issa aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya kiwanda, alikuwa akimsaidia. Nilikuwa jikoni, ukuta wa makuti umetutenganisha, nikawasikia wakigongelea nondo ardhini, kisha wakifunga waya.

"Nilete maji nimwage hapa?" Hamisi akauliza. "Ndoo hii hapa."

Kisha nikamsikia Issa. "Acha, Hamisi. Maji haya dada kayatoa bondeni usiku. Mimi nikayamwage mchangani? Acha. Ningekuwa nimeyateka mwenyewe, sawa."

Mwanangu, nilifurahi. Nilidhani Hamisi anataka kulaza vumbi kabla ya wageni kukaa. Nilisimama juu ya sufuria la wali nikiwa na mwiko mkononi, nikajisikia mwanamke mwenye bahati kuliko wote pale jikoni. Nikamgeukia mama nikamwambia, "Umemsikia mwanao?" Mama akatikisa kichwa, akatabasamu. Furaha ile ndiyo inayoniuma kuliko kilio kilichofuata.

Alasiri umeme wa mji ukawashwa. Wali wakaletwa, wamenyolewa, wametakata, nyuso zao ngeni kama za watu waliotoka safari. Vigelegele vikapigwa hadi masikio yakaziba. Issa alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mti, viatu vya mpira miguuni, akaanza kupiga. Sina maneno ya kukueleza alivyopiga. Watu walitoka barabarani, wakatoka msikitini, wakatoka kwenye vilabu. Wale waliokuwa wakimwita Issa wa Kiwanda kwa kumcheka waliingia uwanjani wakicheza. Shabani, ambaye kwa mila hakutakiwa kutabasamu, alikuwa amebana midomo mpaka ikabadilika rangi. Mara moja nilimwona Issa akikung'uta mkono, kama mtu aliyeguswa na siafu, akacheka peke yake na kuendelea.

Kisha likafika jambo lenyewe. Mwali akitoka jandoni hupewa jina jipya, na jina la Shabani alikuwa nalo mjomba wake. Alilichagua mwenyewe akalificha. Nilimbembeleza nyumbani, nikambembeleza njiani kwenda Masasi, hakusema, hata mama hakumwambia. Watu wakanyamaza. Issa akainuka, gitaa likiwa limemning'inia, mkono wa kushoto kwenye nyuzi. Akaunyoosha wa kulia akaishika maikrofoni ile ya chuma ili alitamke jina la mwanangu.

Hakulitamka. Alikakamaa. Mwanzoni watu walicheka, walidhani anafanya kichekesho cha bendi. Macho yake yalikuwa wazi yakinitazama mimi, au nilidhani yananitazama mimi. Hamisi ndiye aliyeelewa, akaruka akaing'oa ile kebo, na Issa akaanguka kifudifudi juu ya gitaa lake. Tulimpakia kwenye pikapu ya mnunuzi mmoja wa korosho tukamkimbiza hospitali. Nilikipakata kichwa chake. Daktari hakuchukua muda. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akavua miwani.

Asubuhi yake waoshaji waliomba maji. Wageni walikuwa wametawanyika bila kunywa, kwa hiyo maji yangu yalikuwepo yote, nyuma ya nyumba, yamefunikwa kwa ungo. Niliyatoa mimi. Maji ambayo ndugu yangu alikataa kuyamwaga ndiyo yaliyomwosha.

Siku ya arobaini Fundi Stefano alikuja kutoka Masasi. Nilikuwa nimeweka maneno yangu tayari kwa ajili yake. Nilimpa shikamoo kwa sababu nimelelewa, lakini baada ya hapo nilimwambia mbele za watu kwamba mikono yake imeniulia ndugu. Hakujitetea. Aliuliza nondo ilipo. Tulikuwa hatujaing'oa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Mzee wa watu akapiga magoti, akaishika kwa mkono mmoja, ikatoka kama mwiko unavyotoka kwenye unga, na vumbi likamwagika kutoka nchani mwake.

Ndipo aliponieleza alichomwambia Issa pale kibandani. Transfoma ile ya kiwandani ilikuwa imekaa unyevuni miaka. Alipoifunga iliimba, lakini alipogusa bati la mashine kwa nyuma ya kiganja alihisi mwasho mdogo, umeme unatambaa. Alimtaka Issa amwachie mashine mpaka apate transfoma mpya. Issa akamwomba kwa ajili ya siku moja tu, siku ya mpwa wake. Fundi akakubali kwa sharti. Pasipo na waya wa ardhi ukutani, apigilie nondo, afunge waya kwenye mashine, na amwagilie maji pale kwenye nondo, tena asiache kumwagilia mpaka anazima. Mchanga mkavu hauupokei umeme. Mchanga ukilowa, umeme ukivuja utakimbilia chini na fyuzi itakatika, na mtu atabaki salama. Bila maji, umeme unabaki kwenye mashine na kwenye nyuzi za gitaa, ukisubiri mtu aguse kitu chenye ardhi nzuri. Na maikrofoni ilikuwa na ardhi nzuri kupitia soketi ya mwalimu, maana nondo ya nyumba ya mwalimu ilichimbiwa pale yanapotokea maji ya bafu.

"Nilimwambia maji mengi," fundi akasema. "Nilimwambia mara mbili. Kwa nini hakumwaga?"

Hamisi aliinamisha kichwa. Mimi nikajibu, na nilijibu kwa namna ya kujivuna, ndivyo nilivyokuwa mjinga wa huzuni. Nikasema, "Nilimsikia mwenyewe. Alinihurumia. Aliona nimeyatoa mbali."

Fundi akaniuliza, "Mama Shabani, angekuomba, ungemjibu nini?"

"Ningemwaga yote kwa mikono yangu. Ningerudi bondeni jua la utosi. Ningerudi tena na tena."

"Basi hakukuhurumia," mzee akasema. "Alikunyima. Ulikuwa na kitu cha kumpa, akakunyima kumpa."

Nilimchukia kwa maneno yale. Nilisema nimemwona mtu asiye na haya, anayekuja matangani kumsema marehemu. Mama alinishika mkono nikanyamaza. Baadaye, fundi alipokuwa akiaga, nilimwona amesimama peke yake nyuma ya nyumba, uso kaulaza ukutani, mabega yanacheza. Alijilaumu kwa lile sharti mpaka alipokufa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa akimsema marehemu. Alikuwa akinisemea mimi.

Maana nilikuwa na hasira na Issa, mwanangu, na hakuna aliyeniruhusu kuwa nayo. Kila aliyekuja kunipa pole aliniambia una bahati, ulikuwa na ndugu anayekupenda hivi. Nikaitikia. Moyoni nilikuwa nikimwuliza, kwa nini hukuita tu? Nilikuwa jikoni. Ukuta wenyewe ni wa makuti. Ungesema, "Dada, fundi kasema nimwage maji, la sivyo nitakufa," ningekuletea na yale yaliyokuwa yakichemka. Uliipima shingo yangu, ukaupima na uhai wako, na mwenye shingo hukumwuliza. Ni nani aliyekuambia nataka shingo nzima nikukose wewe?

Na Shabani hana jina jipya. Wenzake wote wa likumbi lile waliitwa majina yao ya kiume, yeye peke yake amebaki na lile la utotoni. Wazee walitaka kumpa jingine, akakataa, akasema lake lipo, ila mwenye nalo hakulisema. Ana mvi sasa. Sijawahi kulijua.

Basi nikuambie ninachotaka ushike. Nawaona vijana wa leo mna huruma nyingi, na huruma yenu mnaifanyia kimya. Mnaugua mkasema hamtaki kuwasumbua wazee. Mnakwama mjini mkasema nyumbani wana shida zao. Mke anamwona mumewe kachoka, anaficha maumivu yake mpaka yanakuwa makubwa. Nyote mnajiona wema, na wema wenu siukatai. Lakini kumhurumia mtu ni kwenda kumwuliza, si kukaa pembeni ukamwamulia. Kilicho chake mwache akitoe mwenyewe au akikatae mwenyewe. Mara nyingi utakuta alikuwa amekishika mkononi siku zote, anasubiri tu mtu aseme anakihitaji.

Nawe uliye na kitu, usikae jikoni ukifurahia kusifiwa. Waambie watu wako wazi, kwa maneno, kabla shida haijaja: hiki nilichokipata kwa jasho ni chenu, siku ya hatari msikionee huruma. Mimi sikuwahi kumwambia Issa. Nilidhani anajua. Aliona jasho langu, hakuona kwamba jasho lile lilikuwa lake.

Na fundi akikupa sharti, awe wa umeme, wa gari, au daktari mwenye dawa zake, litimize lote, hata lile linaloonekana ni upotevu. Kama linakuuma, mwambie mtu mwingine sharti hilo ni lipi, ili mlibebe wawili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mwenyezi Mungu akuzungushie watu wasiochoka nawe, akupe ulimi usioona haya kuwaomba, na akulinde na upendo unaokaa kimya. Akupe umri mrefu kuliko wa ndugu yangu. Nenda salama, mwanangu. Ukipatwa na shida, niite, hata kama unajua nimechoka, niite wakati bado naweza kuitika.